Jinsi ya Kumaliza Chuo cha Ualimu Bila Kuandika Sentensi Yako Mwenyewe

Sogea, tuongee kwa sauti ya chini, maana hujui nani anapita koridoni.

Umepangiwa chuo cha ualimu Kasulu. Umeshuka stendi na godoro, ndoo, pasi ya mkaa na bahasha ya vyeti vilivyogongwa mihuri. Baridi ya milima ya Buha imekupokea, vumbi jekundu limekupokea, na wiki ya kwanza tu umegundua jambo ambalo fomu ya kujiunga haikulitaja: watu hawa wanataka uandike. Jina lako na namba ya simu ya mzazi haviwatoshi. Wanataka kurasa tano juu ya jambo usilolijua, kwa maneno usiyokuwa nayo, na zifike mezani Ijumaa kabla ya saa tisa.

Usihangaike. Wapo waliotangulia wakatoka na cheti safi, joho la kukodi na picha ya mahafali, na kichwani hawana sentensi hata moja ya kwao. Mwongozo huu haumchongei mkufunzi yeyote wala chuo chochote. Kasulu ina chuo cha ualimu zaidi ya kimoja, na mbinu zenyewe ni mali ya umma, zinafanya kazi kuanzia hapo mpaka Mtwara. Fuata hatua kwa mpangilio. Ukifika ya saba nenda kwa tahadhari, maana hapo ndipo ninapopoteza watu.

1. Jisamehe mapema

Kosa si lako. Mtihani wako wa darasa la saba, kwa sehemu kubwa, ulikuwa wa kuchagua herufi A mpaka E na kusiliba kiduara kwa penseli. Sekondari wakakubadilishia lugha, ukawa unahamisha Kiingereza kutoka ubaoni kwenda daftarini, kikifika daftarini kinalala. Kwenye kipindi cha Kiswahili ukaandika barua ya kirafiki, ile ile, miaka minne: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, dhumuni la barua hii ni kukujulia hali. Rafiki huyo hakuwahi kukujibu, na wewe hukuwahi kushangaa kwamba hajibu.

Lishike hilo, ndiyo siri ya mwongozo mzima. Kila mbinu nitakayokupa inafanya kazi alimradi hakuna anayesoma. Kazi yako chuoni ni moja tu: kuhakikisha hali hiyo inadumu.

2. Nunua kava kwanza

Wasio na uzoefu huanza na mada. Wewe anza na stesheneri. Kijana wa kwenye kompyuta ameshaona vizazi vya wanachuo vikipita, anajua unachokitaka kabla hujasema. Mwambie aweke nembo ya chuo katikati, jina la kozi kwa herufi kubwa, namba yako ya usajili, na jina la mkufunzi pamoja na vyeo vyake vyote. Kama hana cheo, mpe. Hajazaliwa binadamu anayekata alama kwa kosa la kuitwa Daktari kabla ya wakati wake.

Plastiki angavu mbele, karatasi ngumu ya rangi nyuma, baindi ya spairo. Weka ukurasa wa yaliyomo hata kama yaliyomo ni kurasa nne. Fonti ikisemwa 12, weka 13. Hakuna jicho linaloiona 13. Nafasi kati ya mistari ikisemwa moja na nusu, weka mbili, na ukiulizwa sema kompyuta ya stesheneri ndiyo iliyopanga hivyo. Mkufunzi ana rundo la asaimenti linalofika kifuani. Ataishika yako, ataipima mkononi, na moyo wake utalainika.

3. Usitafute mawazo, tafuta desa

Mawazo yanachosha na hayana uhakika. Desa lina uhakika. Desa zuri lina sifa tatu: lilipata alama, mwenye nalo amekwisha kuhitimu, na mkufunzi aliyelisahihisha amehamishwa. Ukilipata, badilisha jina juu, badilisha tarehe, na hakikisha ukurasa wa shukrani haumshukuru mume wa dada aliyeliandika.

Ukilikosa, ingia mtandaoni, lakini ingia kwa adabu. Kiswahili kingi cha shule utakachokikuta huko kimeandikwa Kenya. Wenzetu wana kaunti 47 na magavana tangu uchaguzi wa 2013. Sisi tuna wilaya na wakuu wa wilaya. Ukibandika bila kutazama, utawasilisha kazi inayomtaka Gavana wa Kaunti ya Kasulu aboreshe vyoo vya shule, na hapo hata mkufunzi mwenye usingizi atafungua jicho la pili. Badilisha kaunti kuwa wilaya, badilisha gavana kuwa DC, kisha hesabu kwamba umefanya utafiti.

Siku hizi pia kuna akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, bando la siku moja linatosha kukuandikia muhula. Mashine hii ina adabu kuliko wewe. Inalisifu swali, inatoa hoja tano zenye urefu sawa, halafu inamalizia kwa kusema ni muhimu kutambua kwamba. Shida ni moja: darasa zima limeiuliza swali lile lile usiku ule ule, nayo imewajibu wote kwa upendo ule ule. Kwa hiyo iharibu kidogo. Andika "mwanafuzi" mahali pawili, sahau nukta moja, mwagia chai pembeni mwa ukurasa wa tatu. Mkufunzi akiona doa la chai atasema moyoni: huyu kijana alikesha.

4. Nenepesha

Swali likisema "Eleza sababu tatu za utoro shuleni", usikimbilie utoro. Utoro usubiri ukurasa wa tatu. Anza hivi: wataalamu mbalimbali wamefasili dhana ya shule. Fasili shule. Fasili mwanafunzi. Mlete TUKI (2004), maana bila Kamusi ya Kiswahili Sanifu toleo la pili hakuna asaimenti inayosimama nchini. Kisha sema "hivyo basi", halafu "kwa mantiki hiyo", halafu "kwa ujumla wake", na ukiishiwa kabisa sema "suala hili ni mtambuka". Hakuna anayeuliza linavuka nini.

Sentensi bora ya chuo ni ile ambayo hakuna wa kuibishia. Elimu ni ufunguo wa maisha. Mwalimu ana nafasi kubwa katika jamii. Kubwa kiasi gani, nafasi ipi, jamii ya wapi? Shauri yao. Utaanza kuionja raha ya jambo hili: unajaza karatasi ukingo hadi ukingo, unafika mwisho hujasema kitu, na hakuna pa kukushikia.

Jihadhari na kile unachokijua. Sababu za utoro wewe unazijua kuliko kamusi: msimu wa kupanda maharage kiti chako darasani kilikuwa wazi wiki nzima, na mwalimu alijua ulipo kwa sababu naye alikuwa shambani kwake. Usiliandike hilo. Halina chanzo.

5. Kaa katikati ya kikundi

Kazi ya kikundi ndiyo neema kuu ya elimu ya juu. Majina kumi, alama moja, mwandishi mmoja. Kila kikundi kimejaliwa dada mwenye mwandiko mzuri na dhamiri isiyomwacha alale. Mtafute mapema. Mwambie, "Dada, wewe una kipaji." Mnunulie soda. Mwulize kila siku kazi imefikia wapi, kwa sauti ya mtu anayebeba mzigo mzito.

Jina lako liwe la nne au la tano. La kwanza huulizwa maswali, la mwisho hutiliwa shaka. Siku ya kuwasilisha jitolee kushika bangokitita, maana anayeshika bangokitita anaonekana na hasemi. Swali likiangukia upande wako, mgeukie mwenzako kwa tabasamu la heshima: "Hili nadhani mwenzangu atalifafanua vizuri zaidi." Utaonekana muungwana. Dada yule atajibu, sauti ikimtetemeka, na usipoangalia utamsikiliza. Usimsikilize. Anasema mambo aliyoyafikiri mwenyewe, na tabia hiyo inaambukiza.

6. Wataje wakubwa, usiwafuatilie

Kila mwanachuo wa ualimu humtaja Mwalimu Nyerere, kwa hiyo mtaje. Habari zake za uanafunzi ziache, zinavunja moyo. Naye alikuwa mwanachuo wa ualimu kama wewe, Makerere, kuanzia 1943. Huko aliingia kwenye shindano la insha, akachukua hoja za Mwingereza John Stuart Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake, akazipima kwa maisha ya makabila ya kwao. Akashinda. Angeweza kabisa kumkopi Mill peke yake na kulala mapema. Tabia hiyo haikumtoka hata ukubwani: mwaka 1963, nchi ikiwa changa na yeye akiwa Rais, ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Rais mzima, mafaili yamejaa mezani, anahangaika na neno.

Mwangalie pia Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe. Alimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1970, na 1971 riwaya yake ya Rosa Mistika ikachapishwa. Ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Tafakari hapo. Hakuna desa lililowahi kupigwa marufuku. Ili kitabu kipigwe marufuku, lazima mtu akisome mpaka kimkere, na kukera mtu kwa maandishi ni balaa ambalo wewe, kwa msaada wangu, umeliepuka vizuri mpaka leo.

7. BTP: hapa tembea kwa ncha za vidole

Mwisho chuo kitakutuma kwenye mazoezi ya kufundisha, ndiyo hiyo BTP. Omba upangiwe Kasulu mjini, karibu na stesheneri yako. Ukipangiwa Kibondo, tena ndani huko upande wa Mabamba unaopakana na Burundi, nakupa pole mapema. Huko stesheneri ziko mbali na watu wana muda wa kukusikiliza.

Wiki za mwanzo utajiona mshindi. Andalio la somo limejaa visanduku, na visanduku havihitaji mwandishi. Kwenye tathmini utajaza, kama walivyojaza waliokutangulia, kwamba asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo. Jaza usiku, kabla ya kufundisha. Kuchelewesha kazi ni tabia mbaya. Themanini ni namba yenye hekima: mia ni majivuno, hamsini ni kujichongea. Shajala la somo linakili kutoka kwenye azimio la kazi, na azimio lenyewe kutoka kwa mwalimu aliyehama.

Kipindi cha insha kisikuumize kichwa. Iandike ubaoni, watoto wainakili, weka tiki ndefu inayopita ukurasa mzima. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili tangu 2015 umesimama juu ya K tatu, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Wewe umetumwa na taifa kwenda kuisimamia hiyo ya katikati, nayo ndiyo pekee usiyokuwa nayo. Tulia. Hakuna atakayegundua.

Hatari haitokei shuleni. Inakuja Jumamosi asubuhi mlangoni pa chumba ulichopanga, inapiga makofi taratibu kwa desturi ya Waha, inasema, "Mwakeye, mwalimu." Ni mama wa jirani. Amebeba sado ya maharage, na ana shida: mbuzi wa mtu wameingia shambani kwake. Anataka barua kwa mtendaji wa kijiji. Wewe ni mwalimu, kalamu unayo.

Ushauri wangu ni huu: macho yanakuuma. Mkono umeteguka. Kalamu uliazima na mwenyewe amekuja kuichukua. Sema lolote. Lakini nakujua. Maharage utayaona, sifa utaipenda, utasema "Kaa, mama", utavuta karatasi ya mistari na kuandika kwa mwandiko wako wa siku ya ukaguzi:

"YAH: MALALAMIKO. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kijiji tajwa na ni mkulima. Ikumbukwe kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Dhumuni la barua hii ni kuleta kwako malalamiko yangu kuhusiana na uharibifu wa mazao uliojitokeza katika eneo langu la uzalishaji. Ni matumaini yangu kwamba ombi langu litapokelewa na kufanyiwa kazi. Natanguliza shukrani za dhati. Wako katika ujenzi wa taifa."

Utamsomea kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Atasikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Atakusifu, kwa sababu ana adabu. Kisha atauliza:

"Mwalimu, mbuzi wameingia mstari gani?"

Utaitazama karatasi. Hawamo. Utamwambia wamo ndani ya uharibifu wa mazao. Atanyamaza kidogo, aseme: "Mwanangu, mtendaji ataniuliza mbuzi wa nani, wangapi, siku gani. Hayo yote nimekwambia. Umeyaweka wapi?"

Basi tena. Hatua sita za mafunzo zimebomolewa na mtu mwenye sado ya maharage. Kava halimhusu, uzito wa karatasi haumhusu, na ukimletea TUKI (2004) atauliza kama naye ana shamba huku. Huyu ndiye kiumbe niliyekuwa nikikukinga naye tangu ukurasa wa kwanza: mtu anayetaka kujua umesema nini. Hata kama karatasi hiyo hawezi kuisoma mwenyewe, ndiye msomaji wako wa kwanza.

Utaandika upya. Na kwa kuwa desa la mbuzi hakuna, itabidi umsikilize: "Jumanne asubuhi mbuzi sita walikula maharage yangu ya upande wa mtoni. Mwenye mbuzi namjua na yeye anajua kwamba namjua. Naomba uje uone kabla mvua haijafuta kwato."

Sentensi tatu. Hakuna uti wa mgongo, hakuna taifa. Jumatatu mtendaji atapanda pikipiki aende shambani, na wewe utasimama mlangoni kwako ukiisikiliza ile pikipiki ikipanda mlima. Asaimenti zako zote, pamoja na baindi zake za spairo, hazijawahi kumwinua mtu kitini.

8. Zijue dalili, uwahi tiba

Ugonjwa ukishaingia, dalili ya kwanza ni kufuta. Mwanachuo mwenye afya hafuti, kwa sababu haoni tofauti kati ya kilichopo na kinachoweza kuwepo. Ukijikuta umekata neno, ukaandika jingine, ukarudia lile la kwanza, weka kalamu chini ukanywe maji.

Dalili ya pili ni kukereka. Uko kwenye kikao cha walimu, mtu anasema suala la usafi ni mtambuka, na wewe unahisi jino linauma. Hukuwa hivyo.

Dalili ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: unaanza kusoma madaftari ya watoto. Siku moja utaufuta ubao na kuwaambia darasa la tano waandike jambo lililotokea nyumbani wiki hii. Wengi wataandika kilekile walichozoea, kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Halafu daftari moja, lenye kava la gazeti, litasema baba alipanda mti usiku kurina asali, nyuki wakamfuata, akaruka, suruali ikabaki kwenye tawi, na mama akakataa kumfungulia mlango akidhani ni mwizi. Kibondo watu wanafuga nyuki, kwa hiyo huwezi hata kusema mtoto katunga. Utacheka peke yako kwenye taa ya sola mpaka mwenye nyumba akohoe ukutani. Utatafuta pa kuweka tiki ndefu, usipaone, maana kila mstari unataka usomwe. Badala yake utaandika pembeni: "Suruali iliteremkaje?"

Umeshauliza swali. Sasa nawe ni mama wa mbuzi.

Huduma ya kwanza ni kurudi haraka kwenye vitu visivyo na msomaji. Soma risala ya mahafali ya mwaka juzi. Nakili maazimio ya semina. Kaa mbali na watu watakaokwambia kwamba kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ilianza kutolewa 2023. Watakupa fomu. Usiiguse.

9. Rudi Kasulu, ukajifiche

Ukirudi chuoni utatakiwa kuandika ripoti ya BTP. Wenzako watatoa kurasa ishirini. Zitakuwa na changamoto tano na mapendekezo matano: serikali iongeze vitabu, wazazi washirikishwe, wadau wajitokeze. Kila ripoti itasema asilimia 80.

Wewe ukiwa bado mzima, fanya kama wao. Ukiwa umeshaugua, utafanya jambo la aibu: utaandika kurasa nne, kwa fonti 12 halisi, na ndani yake utasema kwamba asilimia 80 uliijaza kabla kengele haijalia. Kwamba siku ulipoamua kuhesabu kweli, uliwapa watoto karatasi tupu, na wengi walitazama ubaoni wakisubiri. Kwamba walikuwa wakikusubiri wewe, nawe ulikuwa umesubiri hivyo hivyo tangu darasa la saba. Mambo haya hayasemwi! Kuna utaratibu.

Jiandae kwa matokeo. Alama za mpangilio utazipoteza, kava hukununua. Wenzako watakuuliza kama uliumwa Kibondo. Na mkufunzi, yule uliyempa udaktari bure, ambaye kwenye kazi zako zote aliandika "Vizuri" kwa wino uliokauka, safari hii atajaza pembeni mwa kurasa: "Wangapi? Ulifanyaje kesho yake? Hapa umeruka, rudi." Utaikuta kazi yako ina maandishi yake mengi kuliko ya kazi zote za nyuma zikijumlishwa.

Hapo nitakwambia jambo ambalo washauri wa fani yangu huwa hatulisemi. Yule bwana alijua. Doa la chai alilijua, 13 aliiona, na habari za gavana wa Kasulu aliwasimulia wenzake chumba cha wakufunzi, wakacheka. Ninyi wawili mlikuwa na mkataba: wewe huandiki, yeye hasomi, na kila mtu anarudi nyumbani mapema. Mkataba ulikuwa mzuri. Umeuvunja wewe, kwa kuweka kitu ndani ya karatasi, naye akalazimika kuamka.

10. Ukishindwa kabisa kushindwa

Nimefanya nilichoweza. Kama umefika hapa na bado unadesa kwa amani, hongera, nakutakia ajira njema na cheo cha haraka. Vikao vinakungoja.

Kama umefika hapa ukiwa na daftari dogo mfukoni lenye mambo uliyoyasikia gulioni, sina dawa. Nitakupa tu ushauri wa kuishi na hali hiyo. Usiwatangazie watu kwamba unaandika. Watakuletea risala za harusi. Barua za majirani andika, na maharage pokea, ni malipo halali. Kila unachoandika msomee mtu asiye na sababu ya kukusifu. Yule dada wa kikundi, anayetetemeka sauti, mtafute umwombe radhi kwa ile soda, kisha mwombe akusomee kazi yako. Ataikata vibaya. Mwache aikate.

Na siku utakapopewa darasa lako mwenyewe, Kibondo au Kasulu au popote serikali itakapokutupa, watoto watakuja na mbinu zao. Watadhani wamezigundua wao. Watakunenepeshea insha, watakuletea kaka zao wa sekondari kwa mwandiko wa kujificha, watakuonyesha ufunguo wa maisha tena na tena. Usiwachape, wewe ndiye mzee wa fani hiyo. Waulize tu mbuzi wangapi, na siku gani.

Kalamu nyekundu nunua tatu. Mwalimu wa tiki ndefu moja humtosha muhula mzima, lakini anayeuliza maswali pembeni humaliza wino kabla ya likizo fupi. Na ukikutana na doa la chai kwenye ukurasa wa tatu, linuse kwanza.